Mtahini Aliye Mbali na Butembo

Butembo, mji wenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu mwaka 1989, uko kilometa 54 hivi kutoka Beni. Safari hiyo fupi huweza kuzuiliwa na ukosefu wa usalama, sembuse ile ya kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo mtahini wa tasnifu ya uzamivu huenda akalazimika kushiriki kwa njia ya mtandao. Anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza hana budi kuzingatia mambo mawili. Kwanza, saa: saa nne asubuhi Butembo ni saa tano Dar es Salaam na saa tatu Kinshasa. Pili, ripoti yake ya maandishi imfikie mwenyekiti wa jopo kabla ya siku ya utetezi. Mtandao ukikatika, sauti hupotea. Hoja zilizoandikwa hubaki, na mtahiniwa hahukumiwi kwa hitilafu isiyo yake.