Urefu wa Waya: Tusifute Hesabu Zetu

Umeme wa Inga husafiri kilometa 1.700 hivi mpaka Kolwezi, na njiani sehemu yake hupotea kuwa joto. Kila waya huuzuia umeme, na waya mrefu huuzuia zaidi. Jambo hilo wanafunzi wetu hulipima darasani kwa waya mwembamba wa meta moja na betri: hugawanya volti kwa ampea, wakapata ukinzani wa waya, ambao kipimo chake ni omu.

Tuchukue mfano. Sentimeta 25 zimetoa omu 1,2. Sentimeta 50 omu 2,2. Sentimeta 75 omu 3,2. Sentimeta 100 omu 4,2. Mwanafunzi anashtuka. Mwalimu alifundisha kwamba urefu ukiwa mara mbili, ukinzani nao huwa mara mbili. Na mara mbili ya 2,2 ni 4,4, wala si 4,2! Hapo kishawishi kinamjia: ashike kifutio, aandike 4,4, apate alama njema.

Asifanye hivyo. Tazameni tena, wasomaji wapenzi: kila sentimeta 25 zimeongeza omu 1 kamili. Mwalimu hakukosea. Lakini tukiuchora mstari wa grafu na kuurudisha nyuma mpaka urefu wa sifuri, unasimama kwenye omu 0,2. Hizo si za waya tunaoupima; ni za vibanio na nyaya za kuunganishia, ambazo umeme hauna budi kuzipitia vilevile. Tuziondoe kila mahali: zitabaki 1, 2, 3 na 4. Aliyefuta 4,2 alifuta ushahidi wenyewe. (Betri nayo iunganishwe kitambo kidogo tu, kwa maana madini mengi yakipata moto ukinzani wake huongezeka.)

Georg Simon Ohm, ambaye kipimo hiki kina jina lake, alikuwa mwalimu mjini Köln, Ujerumani, katika shule iliyokuwa zamani ya Mapadre Wayezuiti. Mwaka 1825 alitangaza kanuni yenye kosa, kwani nguvu ya betri yake haikutulia. Hakuona haya kuanza upya. Mwaka 1826 aliunganisha shaba na bismuti, kiungo kimoja katika maji yachemkayo, kingine katika barafu, akajaribu nyaya nane za shaba zenye urefu mbalimbali. Katika kanuni yake mpya, kando ya urefu wa waya, aliandika namba nyingine kwa ajili ya sehemu zote zilizobaki za njia ya umeme. Namba hiyo ni ndugu wa 0,2 yetu.