Kadi Kwanza: Kuunda Kompyuta ya Gemu na Kurusha Laivu kwa Bajeti Ndogo

Mchezaji anayerusha gemu yake laivu YouTube au Twitch anaibebesha kompyuta kazi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni kuchora picha, mara nyingi 60 kila sekunde. Ya pili ni kuzibana picha hizo papo hapo ziwe video nyepesi ya kupita kwenye intaneti. Wanunuzi wengi, wawe Kariakoo au katikati ya jiji la Nairobi, huulizia kazi ya kwanza tu. Ya pili hujulikana nyumbani, watazamaji wanapoanza kulalamika kwamba video inakwamakwama.

Zamani kubana video ilikuwa kazi ya prosesa, na ndiyo maana baadhi ya warushaji walikuwa na kompyuta mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya kurushia. Siku hizi kadi nyingi za grafiki zina sehemu maalumu ndani ya chipu inayofanya kazi hiyo peke yake. Nvidia huiita NVENC. Toleo lililokuja na kizazi cha Turing mwaka 2018 liliinua ubora wa video mpaka ikaweza kushindana na ile iliyobanwa na prosesa, huku gemu ikipungua kasi kidogo sana. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo aanze na kadi, na aulize inabana video vipi.

Jina la kadi halitoshi kumpa jibu. GTX 1650 ilipotoka Aprili 2019 kwa dola 149 ilikuwa ya kizazi cha Turing, lakini sehemu yake ya kubana video ilikuwa ya toleo la zamani. Novemba mwaka huohuo ikaja GTX 1650 Super kwa dola 159, ikiwa na toleo jipya. Tofauti ya dola 10 na neno moja kwenye boksi!

Radeon RX 6500 XT ya Januari 2022 ni mtego mkubwa zaidi: haina kabisa sehemu ya kubana video. Anayetaka kucheza tu anaweza kuridhika nayo, lakini mrushaji ataurudisha mzigo wote kwa prosesa. Arc A380 ya Intel, ya mwaka huohuo, inabana hata kwa mfumo mpya wa AV1 ambao YouTube inaupokea. Ila ili ifanye kazi vizuri inahitaji mazabodi yenye Resizable BAR, yaani uwezo wa kuiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mpigo, na mashine nyingi za zamani hazina.

Hapo ndipo kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zinapohitaji kuangaliwa kwa makini. Bei zake zinavutia, na Core i5 ya kizazi cha nne bado inaendesha gemu nyepesi. Lakini fungua kasha lile dogo. Nafasi ya kadi ni fupi, hivyo kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Kwa kawaida pawasaplai haina waya wa ziada wa kulisha kadi, na tundu la kadi lenyewe hutoa wati 75 tu. GTX 1650 fupi inaenea humo. 1650 Super, inayokula wati 100 na kudai waya wake, haiwezi. Zaidi ya hayo, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi hicho hazimo kwenye orodha ya Windows 11.

Anayeweza kujikusanyia vipande kidogokidogo ana njia nzuri zaidi. Prosesa ya Ryzen 5 5600, yenye kori 6, inakaa kwenye mazabodi yenye soketi ya AM4, na mazabodi hiyohiyo inaweza baadaye kupokea Ryzen 7 5800X3D yenye nguvu zaidi. Ramu iwe GB 16, vijiti viwili vya GB 8, kwa sababu kijiti kimoja huipunguzia prosesa njia ya kupitishia data. SSD ni ya lazima. Pawasaplai isiwe ile isiyo na jina inayokuja bure na kasha: umeme ukipanda ghafla, pawasaplai mbovu inaweza kuondoka na kadi na mazabodi.

Intaneti nayo ina hesabu yake. Kurusha kwa kilobiti 6,000 kwa sekunde, kiwango kinachotumika sana Twitch, hupandisha takriban GB 2.7 kwa saa. Kinachopimwa ni kasi ya kupandisha, si ya kupakua.

Kabla ya kulipia mashine ya mtumba, mnunuzi aombe iwekewe OBS Studio, programu ya bure ya kurushia, arekodi gemu kwa dakika 10, kisha afungue dirisha la takwimu. Picha zilizokosekana kwenye uchoraji zinaonyesha kadi imelemewa na gemu. Zilizorukwa kwenye ubanaji zinaonyesha anayebana, kadi au prosesa, ameshindwa kwenda na kasi. Zilizopotea njiani zitaonekana atakaporusha laivu nyumbani, na hizo ni za mtandao: hakuna kadi itakayoziponya.