Moto sokoni: Gari la faya likifika, mtaji umeshaungua

USIKU wa Julai 10, 2021, moto uliwaka katika Soko Kuu la Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Jengo hilo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa kitovu cha biashara ya mazao, mbegu na pembejeo kwa wakulima na wachuuzi wa mikoa mingi. Kulipokucha, wengi waliofika walikuta moshi na mabati yaliyojikunja.

Miezi sita baadaye, alfajiri ya Januari 16, 2022, zamu ikawa ya soko la Karume, Ilala, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo. Maelfu ya wafanyabiashara wadogo walipoteza mitumba, viatu, cherehani na mitaji ya mikopo. Mbeya wanayajua haya, kwani soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006 na soko la Sido likafuata mwaka 2017. Nairobi nako, moto wa soko la Gikomba uliua watu 15 mwezi Juni 2018, na jijini Kampala soko la Owino liliungua mwaka 2009, 2011 na 2013.

Kila moto wa namna hii ukitokea, lawama ya kwanza huwa ni ileile: "Faya wamechelewa, tena wamekuja bila maji." Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haielezi yote. Mfanyabiashara anayetaka kulinda mtaji wake hana budi kujua kikosi cha zimamoto kinafanyaje kazi, kinakwama wapi, na ni lipi analopaswa kufanya mwenyewe kabla gari halijafika.

Hesabu ya maji

Watu wengi huamini gari la zimamoto ni bahari inayotembea. Sivyo. Magari mengi hubeba kati ya lita 2,000 na 10,000. Mpira mdogo unaoshikwa na askari wawili hutoa karibu lita 400 kwa dakika, na ule mkubwa hutoa karibu lita 900.

Chukulia gari lenye lita 5,000 limefika sokoni na askari wamefungua mipira miwili midogo. Hizo ni lita 800 kwa dakika. Maji yote yatakwisha baada ya dakika sita na kidogo. Watu wanapoona gari linageuka na kuondoka huku moto ukiwaka, hudhani limekuja tupu. Mara nyingi limekwenda kutafuta maji.

Ndiyo maana miji hufunga mabomba maalumu ya zimamoto kando ya barabara, ili gari livute maji hapohapo bila kukatika. Bomba hilo likiwa limefukiwa na lami, limejengewa kibanda juu yake, au halina maji siku hiyo, gari zuri kuliko yote nchini litafanya kazi kwa dakika sita tu.

Tatizo la pili ni njia. Soko hupangwa asubuhi na kupangika upya jioni. Meza huongezwa, turubai hushushwa, na kipenyo kilichoachwa kwa ajili ya gari hugeuka kuwa genge la nyanya. Vibanda vya mbao vilivyobanana, vyenye nguo na plastiki ndani yake, hupokezana moto kwa dakika chache, na askari wanaolazimika kuvuta mipira mita mia mbili kwa miguu wanakuwa wameshapitwa.

Nani mwenye zimamoto?

Kwa miaka mingi vikosi vya zimamoto nchini Tanzania vilikuwa chini ya halmashauri za miji. Kila halmashauri ilinunua gari kwa kadiri ya mfuko wake, na nyingi hazikuwa nalo kabisa. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Namba 14 ya mwaka 2007 ilikuja kubadili mambo. Vikosi viliunganishwa kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, likiongozwa na Kamishna Jenerali.

Majirani walichagua njia nyingine. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, iliikabidhi kazi hiyo kwa serikali za kaunti. Uganda imeiweka ndani ya Jeshi la Polisi. Kila mfumo una faida na hasara zake. Kaunti tajiri inaweza kujinunulia magari mapya huku ile maskini ikibaki na ndoo. Jeshi la nchi nzima linaweza kufundisha askari wake kwa kiwango kimoja na kuwahamisha panapohitajika, lakini mahitaji ya wilaya ya mbali husubiri maamuzi ya makao makuu.

Hata hivyo, kuwa na kamanda mmoja hakumaanishi kuwa na mamlaka moja. Askari wa zimamoto huzima moto, lakini bomba la maji ni la mamlaka ya maji. Barabara ina wakala wake, ramani na vibali vya vibanda ni vya halmashauri, na nguzo ya umeme ni ya Tanesco. Soko lina uongozi wake, ambao mara nyingi hujali zaidi ushuru wa siku. Moto hukutana na wote hawa kwa dakika moja. Kama hawakuwahi kukaa meza moja kabla ya hapo, kila mmoja hubaki kumtazama mwenzake.

Hapa ndipo suala la uongozi linapoanzia. Kamanda anaweza kukagua soko na kuandika kwamba vibanda vimeziba njia. Kuvibomoa si kazi yake. Diwani hataki kuwaudhi wapiga kura, meneja wa soko hataki kupunguza mapato, na mfanyabiashara hataki kupoteza nafasi. Ripoti hubaki kwenye faili hadi siku ya moto.

Upande wa pili wako wafanyabiashara waliochoshwa na ukaguzi. Kwa muda mrefu wamelalamika kwamba Zimamoto na Osha hukagua jambo lilelile na kila mmoja hudai ada yake. Mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, uliotolewa mwaka 2018, ulilenga kupunguza mwingiliano wa namna hiyo. Kilio chao ni cha haki. Lakini kosa liko pande mbili: mkaguzi anayetazama stakabadhi tu bila kutazama nyaya, na mwenye duka anayelipa ada kisha akaning'iniza mtungi mtupu ukutani ili apate cheti.

Vifaa havinunuliwi kama mahindi

Gari la zimamoto ni mali ya ajabu kiuchumi. Linagharimu fedha nyingi, na linaweza kukaa mwezi mzima bila kuitwa. Anayepanga bajeti huona fedha zimelala, wakati zahanati na shule zinalia. Hivyo ununuzi huahirishwa mwaka hadi mwaka, mpaka soko liungue na watu waanze kuulizana.

Kukimbilia ununuzi mkubwa bila utaratibu nako kuna hatari zake. Januari 2020, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Waziri wa Mambo ya Ndani na wa Kamishna Jenerali wa Zimamoto na Uokoaji, kutokana na makubaliano ya mradi wa vifaa wa zaidi ya Euro milioni 400 na kampuni ya kigeni, ambayo alisema yalisainiwa bila kufuata taratibu. Mahitaji ya vifaa yalikuwa ya kweli na yalibaki palepale. Jeshi lilipata kiongozi mpya, na wilaya zisizo na gari zikaendelea kusubiri.

Aidha, kununua ni mwanzo tu. Gari la zimamoto lina injini ya kutembea na pampu ya maji, na vyote viwili huhitaji fundi, vipuri na mafuta. Likikosa betri au mpira wa pampu, linageuka kuwa pambo la kituo. Bajeti yenye fungu la magari lakini isiyo na fungu la matengenezo ni sawa na mkulima anayenunua trekta bila kutenga fedha za dizeli.

Askari naye ni mtu

Wanaorusha mawe gari la zimamoto linapochelewa wangepaswa kujua wanayemrushia. Askari anayeingia katika jengo linalowaka anahitaji kofia, koti na buti visivyoshika moto, pamoja na mtungi wa hewa mgongoni. Mtungi wa kawaida humpa takriban dakika 30, na akifanya kazi nzito hewa hupungua haraka zaidi. Bila mtungi huo, moshi humwangusha kabla moto haujamgusa.

Madhara mengine huja baada ya miaka. Mwaka 2022, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kazi zinazosababisha saratani. Plastiki, rangi, magodoro na viuatilifu vinapoungua hutoa sumu inayoganda kwenye nguo na ngozi. Kumpatia askari sare ya pili ili ile yenye masizi ifuliwe ni sehemu ya kumlinda.

Kazi yake pia si moto peke yake. Novemba 16, 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 25, jeshi hilo lilishirikiana na vyombo vingine na wananchi kuwatoa watu waliofukiwa chini ya zege. Na Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka na kuua watu zaidi ya 100, wengi wao waliokuwa wakichota petroli. Ajali ya aina hiyo haina gari la faya linaloweza kuiwahi. Dawa yake ni watu kukaa mbali.

Ghalani na shambani

Mkulima asidhani kuwa haya ni ya mjini. Pamba, tumbaku, katani na nyasi za mifugo ni kuni zinazosubiri kiberiti. Robota la pamba lina tabia mbaya: moto huweza kujificha ndani yake kwa saa nyingi baada ya nje kuonekana umezimika. Robota lililoungua litolewe ghalani na kuwekwa mbali, huku likichunguzwa. Nyasi zilizofungwa zikiwa hazijakauka vizuri hujipasha joto zenyewe na huweza kuwaka bila mtu kuzigusa. Anayekausha tumbaku kwa moto wa kuni anajua kwamba jani moja likidondoka kwenye bomba la joto, bani zima linaweza kuondoka.

Vijijini gari la zimamoto liko mbali, pengine makao makuu ya mkoa. Chama cha ushirika kinachohifadhi mazao ya wanachama 300 chini ya paa moja kimebeba mapato yao ya mwaka mzima. Ghala hilo linahitaji eneo lililofyekwa kulizunguka, tangi la maji, ndoo za mchanga, marufuku ya sigara, na magunia yaliyopangwa kwa kuachiana njia.

Shilingi 500 kwa wiki

Wakati madai ya magari na mabomba yakiendelea kupelekwa serikalini, kamati za masoko zina uwezo wake. Chukulia soko lenye wafanyabiashara 200. Kila mmoja akichanga Sh500 kwa wiki, ni Sh100,000 kwa wiki, sawa na Sh5.2 milioni kwa mwaka. Fedha hizo zinaweza kuanza na mitungi ya kuzimia moto, kisha tangi na pampu ndogo, na posho ya mlinzi wa usiku aliyefundishwa.

Mtungi wa unga wa kilo sita huisha kwa sekunde kama 20, hivyo unafaa kwa moto mdogo unaoanza. Mshale wa kipimo chake ukitoka kwenye rangi ya kijani, upelekwe kujazwa. Maji yasimwagwe kwenye mafuta yanayowaka jikoni kwa mama lishe, wala kwenye nyaya zenye umeme.

Nyaya ndizo za kutazamwa kwanza. Vibanda kumi vinavyojiunganisha kwenye mita moja kwa kazi ya vishoka vinatengeneza moto wa kesho. Umeme ukatwe soko linapofungwa, na majiko ya mkaa yazimwe kabisa mwenye jiko akitazama.

Moto ukitokea, namba ya kupiga ni 114. Anayepiga aseme mtaa, alama inayojulikana, kinachoungua, na njia ambayo gari linaweza kupita. Mtu mmoja asimame barabarani kulipokea. Dakika tano za gari kupotea ni karibu sawa na tangi zima la maji.

Mwisho ni bima. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliingiza masoko ya umma katika bima ya lazima, lakini kulipiwa kwa jengo hakumaanishi kulipiwa kwa mzigo wa mwenye kibanda. Kila mmoja aulize bima ya soko lake inagusa nini, na kama haigusi bidhaa zake, akate yake. Stakabadhi na daftari la mali visilale dukani. Picha ya simu iliyohifadhiwa nyumbani inatosha kuanzia madai.

Waswahili walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walioungua Karume walijenga upya, wengine kwa mkopo juu ya mkopo ambao haujaisha. Kamati ya soko inayokutana wiki hii inaweza kuanza na jambo lisilohitaji shilingi hata moja, yaani kupima kwa miguu kama gari la faya litapita, na kuondoa meza zilizo njiani.