Hardwick: Jumba Lililojengwa ili Kunasa Mwanga

Ukuta wa mawe una kazi mbili: kubeba uzito wa sakafu na paa, na kuzuia upepo na mvua. Kila dirisha linalotobolewa humo huupunguzia ukuta nguvu. Je, iliwezekanaje basi, kabla ya zama za zege na nguzo za chuma, kujenga jumba ambalo uso wake umejaa vioo?

Jumba hilo ni Hardwick Hall, lililoko Derbyshire, Uingereza. Lilijengwa kati ya mwaka 1590 na 1597 kwa amri ya Elizabeth, Bibi Mkubwa wa Shrewsbury, mmoja wa wanawake matajiri kabisa nchini humo. Mchoro wake huhesabiwa kuwa kazi ya Robert Smythson. Siku hizo kioo kilikuwa ghali mno. Hivyo madirisha makubwa yalitangaza ukwasi wa mwenye nyumba. Juu ya minara sita ya jumba zilichongwa herufi E na S, yaani jina lake.

Siri ya ujenzi huo imo ndani. Meko na dohani za kutolea moshi hazikuwekwa katika kuta za nje, bali katika kuta nene za ndani. Kwa njia hiyo kuta za nje zilibaki huru kupokea madirisha. Aidha, vyumba vya chini vina dari fupi, na vya ghorofa ya juu, vilivyokuwa vya heshima, ni virefu kupita vyote na vina madirisha makubwa zaidi. Jambo hili lilipatana na kanuni ya uzito: ukuta wa chini hubeba mzigo wote ulio juu yake, lakini ule wa juu hubeba paa tu.

Mafundi wa wakati huo hawakuweza kutengeneza vioo vipana. Walishika vipande vidogo kwa vipapi vya risasi, na kuvitegemeza kwa nguzo nyembamba za mawe.

Hata hivyo, faida hiyo ilikuwa na gharama. Kioo chembamba hupitisha joto upesi, na baridi ya huko ni kali. Ndiyo maana kuta zilitandazwa vitambaa vizito vilivyofumwa kwa picha. Lakini mwanga huvunjavunja kemikali za rangi, na vitambaa hupauka. Leo walinzi wa jumba hulazimika kuufifiza kwa mapazia mwanga uleule uliotafutwa kwa fedha nyingi.

Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili. Chukua maboksi mawili yanayolingana, uyakate madirisha makubwa pande zote. Katika moja simamisha kuta mbili za kadibodi ndani, zifikie kifuniko. Kisha pandanisha vitabu juu ya kila boksi, kimoja kimoja. Ni lipi litakalobonyea kwanza, na kwa nini?