Bakteria wanaotengeneza mafuta: kwa nini hewa ndiyo adui?

Hidrojeni ikiungua haitoi kaboni, inatoa maji. Tatizo ni inakotoka: sehemu kubwa ya hidrojeni ya viwandani hutengenezwa kwa gesi asilia, na kaboni inaishia hewani vilevile.

Lakini kuna vijidudu wanaojua kuitengeneza. Baadhi ya bakteria na mwani wana kimeng'enya kiitwacho hidrojinezi. Hakihitaji madini ghali kama platini. Kinatumia chuma, na mara nyingi nikeli pia.

Shida iko wapi? Oksijeni. Ikikifikia, kimeng'enya husimama au huharibika kabisa. Na mwani ukipigwa na jua hutoa oksijeni wenyewe! Yaani unapika huku unamwagia jiko maji.

Hata hivyo, si vyote ni dhaifu. Bakteria wa udongoni aitwaye Ralstonia eutropha ana hidrojinezi inayovumilia hewa. Mwaka 2011 jarida la Nature lilieleza siri yake: fundo la atomi 4 za chuma na 3 za salfa, linalotoa elektroni haraka ili oksijeni igeuzwe kuwa maji kabla haijaleta madhara.

Ndiyo maana watafiti wanahamisha jeni. Huko Marekani, Taasisi ya J. Craig Venter ilipandikiza jeni za bakteria wa baharini, Alteromonas macleodii, ndani ya E. coli, na kimeng'enya kikafanya kazi.

Kilichobaki? Vimeng'enya vigumu hivi kwa kawaida hupenda kuvunja hidrojeni kuliko kuitengeneza. Kuvigeuza tabia hiyo ndiyo kazi yenyewe.