Mtandao wa Kompyuta, Mtandao wa Watu: Niliyojifunza IETF Madrid

Uliza darasani ni nani anayetunga kanuni za intaneti, utapata majibu mengi: Google, Marekani, wengine watakwambia Umoja wa Mataifa. Ukweli ni kwamba itifaki nyingi tunazotumia kila siku zinatungwa na watu wanaobishana kwa barua pepe mwaka mzima, halafu mara tatu kwa mwaka wanakutana uso kwa uso. Jumuiya yao inaitwa IETF. Julai 2025 mkutano wao wa 123 ulifanyika Madrid, Hispania, na mimi nilikuwepo kwa ufadhili wa nauli na malazi. Naeleza hapa mambo yanavyokwenda kule, na jinsi mwanachuo mwenzangu unavyoweza kuanza bila hata pasipoti.

Hakuna kadi ya uanachama

IETF ilianza Januari 1986, kwa kikao cha watu 21 huko San Diego. Hadi leo haina wanachama. Anayefanya kazi ndiye mshiriki. Kazi inafanyika kwenye vikundi kazi, kila kimoja na mada yake, na matokeo huchapishwa kama nyaraka zinazoitwa RFC. Waraka wa kwanza wa aina hiyo ni wa tarehe 7 Aprili 1969, kabla hata IETF haijazaliwa, na aliyeuandika, Steve Crocker, alikuwa mwanafunzi wa uzamili pale UCLA. Kwa hiyo mtu akikwambia wanafunzi wasubiri wakubwa wamalize, mkumbushe hilo.

Hawaamui kwa kura. Kinachotafutwa ni makubaliano ya jumla: si lazima kila mtu aridhike, ila kila pingamizi la msingi lazima lisikilizwe na kujibiwa. Kwa desturi yao, mwenyekiti akitaka kupima upepo huwaomba watu wafumbe midomo na kuguna “mmmm” kwa upande wanaouunga mkono. Inachekesha mwanzoni, lakini ina maana: profesa maarufu na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wanaguna sawa. Tena kila mtu anashiriki kama yeye binafsi, hata kama nauli imelipwa na kampuni kubwa.

Kujuana ni kazi, siyo kugawa kadi

Vikao rasmi vina ratiba, lakini mazungumzo yenye faida nyingi yako kwenye korido, foleni ya kahawa na hakathoni ya Jumamosi na Jumapili kabla ya vikao. Usiku pia: Madrid mwezi wa saba jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, na watu wanakula baada ya hapo. Ukilala mapema umekosa nusu ya mkutano.

Kilichonisaidia kujichanganya ni kusoma rasimu kabla ya safari na kwenda na swali moja linalotoka kwetu. Lilihusu pendekezo la kuiwezesha itifaki ya QUIC kutumia njia mbili kwa wakati mmoja, mfano Wi-Fi na data ya simu. Kwa mtu mwenye data isiyo na kikomo hiyo ni neema. Kwa sisi wa hosteli, Wi-Fi ya chuo inajikongoja na bando tumenunua kwa hela ya kuungaunga. Simu ikitumia njia zote mbili kimyakimya, nani analinda bando langu? Mmoja wa wahandisi wanaoifuatilia kazi hiyo alinijibu kwamba uchaguzi wa njia umeachwa kwa watengenezaji wa programu, akaniomba niiandike hoja ile kwenye kundi la barua pepe ili isipotelee koridoni.

Hapo ndipo nilipoona umuhimu wa kuwepo. Waafrika tulikuwa wachache, na hakuna aliyetutenga kwenye mjadala. Ila mtu hawezi kutatua kero ambayo hajawahi kuiishi wala kuisikia.

Mlango wenyewe ni viza

Kikwazo kiko kabla ya ukumbi. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90, karibu posho ya chakula ya mwezi mzima kwa mwenye bumu, na ukinyimwa hairudi. Unatakiwa bima ya safari ya angalau euro 30,000, barua ya mwaliko, na uthibitisho wa malazi na fedha. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15. Usisubiri hizo 15. Anza mapema iwezekanavyo.

Anza hapa hapa chuoni

Habari njema ni kwamba safari si sharti. Makundi ya barua pepe ni bure na kumbukumbu zake ziko wazi kwa kila mtu. Vikao hurushwa mtandaoni, na asiyemudu ada ya kushiriki kwa mbali anaweza kuomba asamehewe. Vijana wa Morisi walishiriki hakathoni za IETF wakichangia programu zinazotumia TLS 1.3, itifaki ya usalama iliyochapishwa Agosti 2018 kama RFC 8446. Kisiwa kidogo kimeweza, maabara yetu ya kompyuta inashindwa nini?

Ushauri wangu ni huu: chagua kikundi kazi kimoja tu, soma mijadala yake ya miezi mitatu, kisha tuma hoja moja yenye ushahidi. Mkiwa watatu au wanne mnaosoma pamoja kila wiki, rasimu ndefu zinapungua makali. Ufadhili ukitangazwa utakuta tayari una kazi ya kuonyesha, na ukifika ukumbini kuna watu wanaolijua jina lako. Mtandao wa watu unaanza hivyo, kwa hoja iliyotumwa kabla ya ndege kupandwa.