Mdaiwa aliyeishiwa ana milango zaidi ya mnada na jela

MTU akizidiwa na madeni katika kaunti za Kisii na Nyamira, majirani humwona ana njia mbili tu: dalali aje kuchukua ng'ombe, au askari amfikishe jela. Wengine huongeza ya tatu, kumwandikia ndugu shamba kabla wadai hawajabisha hodi. Ilhali Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, inampa mdaiwa milango mingine. Wanaopaswa kuijua zaidi ni wasaidizi wa kisheria walio mafunzoni, kwani maskini huwaendea wao kabla ya kumfikia wakili.

Chukua mfano wa mkulima wa majani chai wa Kebirigo. Ana mkopo wa benki uliodhaminiwa kwa hatimiliki ya shamba, mkopo wa chama cha ushirika wenye wadhamini watatu, deni la mbolea dukani, na mikopo midogo ya simu. Wote amewaahidi bonasi ile ile, nayo imeshuka. Msaidizi asiye na uzoefu atauliza jumla ya madeni. Swali la maana zaidi ni hili: kila deni limeshikilia nini?

Benki yenye rehani iliyosajiliwa haizuiwi na ufilisi kudai shamba lake. Hapo mkulima hulindwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012: ilani ya miezi mitatu ya kutaka deni lilipwe, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Kama ni nyumba ya ndoa, idhini ya mke au mume ilihitajika tangu mwanzo. Lakini yule mkopeshaji wa sokoni aliyefungia hatimiliki ndani ya kabati bila kusajili chochote hawezi kuliuza shamba pasipo amri ya mahakama, hata akipiga kelele namna gani. Tofauti hii peke yake imetosha kuokoa mashamba.

Kuhusu wadhamini, habari si njema. Mdaiwa akifutiwa deni, wadhamini wake hawafutiwi. Wajue mapema, maana huko kijijini mdhamini huwa ni shemeji au mwanachama mwenza kanisani, na ugomvi wake hudumu kuliko deni lenyewe.

Mkopeshaji anayetaka mdaiwa atangazwe mufilisi huanza kwa kumpa hati rasmi ya kudai malipo. Mdaiwa ana siku 21 za kulipa, kuafikiana au kuiomba mahakama iitupilie mbali hati hiyo. Wengi huitia hati hiyo chini ya godoro. Siku zikipita bila jibu, sheria humchukulia kuwa ameshindwa kulipa, na anayedai aweza kwenda Mahakama Kuu. Mji wa Keroka uko mpakani mwa kaunti hizi mbili na una mahakama ya hakimu, lakini ombi la ufilisi halisikizwi na hakimu, hata kama hukumu ya deni ilitolewa naye. Litapelekwa Mahakama Kuu, iliyo na vituo Kisii na Nyamira.

Kwa asiye na kitu, mlango unaofaa zaidi ni utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Huu hauanzii mahakamani; mdaiwa hupeleka ombi kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia masuala ya ufilisi, pamoja na taarifa ya mapato, mali na madeni yake. Madeni yawe kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni, asiwe na mali ya kuuzwa kulipia wadai, na asiwe amewahi kutangazwa mufilisi au kuingizwa katika utaratibu huo. Akikubaliwa, wadai waliomo husimamisha kumwandama, na baada ya miezi 12 madeni hayo hufutwa. Deni lililopatikana kwa ulaghai halifutwi. Anayeficha ng'ombe kwa mjomba hufungiwa nje.

Mwenye mshahara au mapato ya kila mwezi aweza kuomba amri ya kulipa kwa awamu, au kupendekeza mapatano na wadai wake. Ufilisi kamili ndio mzito kuliko yote: mali huchukuliwa na msimamizi, na kwa kawaida mtu huachiliwa miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali yake. Kabla ya kuachiliwa, Katiba humzuia kuwania ubunge au udiwani.

Na jela je? Mwaka 2010, Jaji Martha Koome, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliamua katika kesi ya ufilisi kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni kunakiuka mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Mwaka 2012, Jaji David Majanja alishikilia kuwa kifungo hicho si haramu chenyewe, mradi mahakama ichunguze kwanza kama mdaiwa ana uwezo na anakataa kwa makusudi. Kwa hiyo anayeitwa kujieleza mahakamani asikose kufika, na abebe ushahidi wa umaskini wake: risiti za majani chai, karo, bili za hospitali. Msaidizi aweza kumpangia karatasi hizo. Hawezi kusimama mbele ya jaji kama wakili wake.

Ama shamba lililoandikishwa kwa ndugu kwa bei ya kutupa, mahakama ina uwezo wa kulirudisha katika mali ya mufilisi. Msaidizi na aulize habari hiyo mapema, kabla ya kujaza fomu yoyote.